Mayungiyungi Chini ya Lipu

Herufi ya Kichina ya "bomoa" ilichorwa kwa rangi nyeupe, ndani ya duara, kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya akina Guan mwezi Machi 2003. Masharti ya wilaya yalikuwa wazi: ua wenye nakshi za matofali za enzi ya wafalme, nusu yake au zaidi zikiwa nzima, haubomolewi. Wakaguzi walikaa dakika kumi na moja, wakaandika: hauna nakshi.

Guan Shuzhen, mwalimu wa hesabu, hakuwalaumu. Waliandika walichokiona. Nakshi zilikuwa kwenye ukuta wa stara, ule unaokabili lango ili mpita njia asichungulie ndani. Agosti 1966, vijana wenye vitambaa vyekundu mikononi walipokuwa wakivunja kila cha kale, baba yake aliuziba ukuta kwa lipu ya udongo, chokaa na mabua ya ngano. Shuzhen alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake siku mbili. Aliporudi alimkuta baba akimalizia, akamsaidia kubeba maji. Tangu hapo kila mgeni alisimuliwa: mayungiyungi saba, korongo wawili, vyote salama humo ndani. Baba alikufa mwaka 1981. Mama, sasa mwenye miaka sabini na tisa, aliolewa katika nyumba hiyo na hakutaka kufia kwingine.

Shuzhen aliomba ukaguzi wa pili. Mkaguzi Qiu alifika Jumanne asubuhi na kamera. Mzee Ma, jirani aliyeishi kwenye kibanda kilichojengwa uani baada ya tetemeko la 1976, alitoka na bakuli la uji.

"Mwalimu, ukikuta dhahabu humo, ukumbuke nani amekuvumilia miaka yote."

"Wewe ndiye unayekohoa usiku kucha, Mzee Ma."

"Ndiyo maana nastahili fungu kubwa."

Shuzhen aliilowesha lipu kwa maji ya vuguvugu, akaibandua kwa kipande cha mbao. Kwenye pembe ya juu ilitokeza petali moja, nzima kabisa.

"Shangazi, hii ni kazi ya fundi hasa," Qiu alimwambia Shuzhen kwa heshima, akapiga picha.

Chini ya petali hiyo ukuta ulikuwa bapa. Kufikia adhuhuri lipu yote ilikuwa chini. Pote palikuwa na alama za patasi, zimenyooka, zimepigwa kutoka kushoto kwenda kulia. Vijana wale walitumia nyundo, na nyundo hupasua tofali. Hapa halikupasuka hata moja.

Qiu alishusha sauti. "Nikiandika 'zimeharibika kwa sehemu', faili litarudi kikaoni. Mtapata miezi miwili zaidi."

"Pima kwanza."

Alipima. "Asilimia tatu."

"Andika tatu."

"Una wazimu?" Mzee Ma alifoka. "Kijana, andika sitini!"

"Watakuja wengine kupima," Shuzhen alisema, akaingia ndani.

Mama alikuwa ameketi kitandani. "Wameona?"

"Petali moja."

"Moja? Baba yako aliniambia amezimaliza zote."

Shuzhen alisimama alipokuwa. "Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Jirani yetu wa lango la tatu alizipaka nakshi zake lipu tu. Vijana wale walipoibandua, walimpiga mpaka akafa. Baba yako akasema, wakibandua ya kwetu wasikute kitu."

"Kwa nini hukuniambia, Mama? Nimewaleta hata wanafunzi wangu mbele ya ukuta ule."

"Ulikuwa ukisimulia, naye baba yako akitoka nje kukusikiliza. Ningemnyang'anya na hilo?" Mama alijifuta mikono iliyokuwa mikavu. "Na juzi ulipoomba ukaguzi, nikasema labda kuna alichobakiza asiniambie."

Nje, Qiu aliita jina lao ili watie sahihi.

"Huko ghorofani wanakotuhamishia," mama aliuliza, "chumba changu kinatazama kusini?"

Kwa desturi, chumba cha mzee wa nyumba siku zote kilitazama kusini.

"Magharibi, Mama."

"Basi jua nitalipata jioni." Akaanza kukunja blanketi, ingawa walikuwa na siku ishirini na nane kabla ya kuhama. Shuzhen akatoka kwenda kutia sahihi.