Nilimshikia Usukani

Ptuu! Leo hata chai nimeimwaga. Kila nikikumbuka ya jana natema mate, na si kwa sababu ya yule mwizi tu.

Binti yangu Hilda alikuwa hospitalini Namtumbo, anasubiri kupasuliwa ili ajifungue. Mama yake, Benigna, yuko naye, akaniambia, "Baba Hilda, akitoka tu nakupigia." Sasa mimi nikiwa kwenye baiskeli, simu ikilia mfukoni siisikii. Nikaenda kwa Makarius, fundi baiskeli wa pale Lizaboni, akanifungia simu kwenye usukani: kipande cha tyubu chini, vipande viwili vya bati pembeni, nati mbili. Nikaruka nayo mashimo, tuli! Bila spana namba kumi huing'oi. Kichwa kikanivimba.

Nikaenda nayo Mfaranyaki, kwenye msiba wa mzee Rupert, tuliyeimba naye kwaya miaka mingi. Nikaegemeza baiskeli kwenye michongoma, nikakaa hatua tatu tu, sikio kwenye simu.

Mara akaingia mtu kajipaka majivu, kajifunga kanga ya kike, anapaza sauti kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene! Wangoni, ulafi utawamaliza wote!" Watu wakacheka, hadi wafiwa. Mtani wetu huyo, Mhehe, na kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo: kututukana, kubeba vitu vyetu mpaka tuvikomboe, na ukikasirika aibu ni yako. Akabeba sufuria, akairudisha. Akaja kwenye baiskeli yangu, akaivuta simu, wapi!

"Naikamata hii mpaka nipewe jogoo," akasema. "We Mngoni, leta spana!"

Nikaitoa mfukoni, nikampa. Tena nikamshikia usukani usicheze, nacheka meno yote nje. Mungu wangu, meno yote! Akaondoka nayo kwa madaha kuelekea nyuma ya nyumba.

Haikupita muda akafika mama Theodosia, Mhehe anayewajua Wahehe wote wa mji huu.

"Shikamoo mama. Mtani mwenzio keshakamata simu yangu."

"Marahaba. Mwenzangu yupi? Mimi nimekuja peke yangu."

Nyuma ya nyumba tulikuta kanga tu, imetupwa kwenye matope. Ile "kamwene" yake ilikuwa na lafudhi ya hapa hapa Songea, na masikio ninayo! Watu wakazidi kucheka, eti na huo nao ni utani. Niliwachukia wote, pamoja na waliokuwa wanalia.

Namba ya Benigna siijui kwa kichwa. Nikaazima simu ya Skolastika, binti wa marehemu, nikapiga namba yangu mwenyewe. Ikaita, ikapokelewa.

"Nirudishie simu yangu, mshenzi wee! Mwanangu yuko hospitali!"

"Aa, baba Hilda," akajibu taratibu. "Mkeo kapiga sasa hivi. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Hilda kazinduka, anaomba maji. Hongera, mtani."

Nikakaa chini pale pale kwenye matope. Na mdomo huu, mdomo wangu mwenyewe, ukamwambia, "Ahsante sana, mtani."