Kumi na Tisa ni Tasa

Filomena anasema nilisimama mbele ya darasa zima, chaki mkononi, nikatamka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Kumi na tisa ni tasa." Anasema wanawake wote waligeuka wakamtazama Verdiana. Anasema Verdiana alijifunika kanga usoni, akatoka analia, akaanguka penye magunia ya pamba, ikabidi amwagiwe maji. Hayo ya maji ameyaongeza juzi.

Maneno niliyasema kweli, siyakani. Mimi ndiye mwalimu wa kisomo hapa kijijini. Nimesoma mpaka darasa la saba, Kilosa mjini, na tulipohamishiwa huku njia ya Mikumi, chama kilisema anayejua amfundishe asiyejua. Lakini Filomena hakuwa darasani. Alikuja kuchukua jembe ghalani, tunaposomea, akaokota kipande cha maneno akaondoka nacho.

Ilikuwa hivi. Siku ile balozi wetu wa nyumba kumi alitaka wanawake wagawanyike vikundi vya kupalilia shamba la kijiji, vikundi vilivyo sawa, asije mtu akasema kaonewa. Tulikuwa kumi na tisa. Tukajipanga wawili wawili, akabaki mmoja. Watatu watatu, akabaki mmoja. Wanne wanne, wakabaki watatu, na hapo makelele yakaanza. Nikawaambia, "Msihangaike. Kumi na tisa ni tasa. Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ama kila mtu apalilie peke yake, ama twende wote pamoja." Verdiana ndiye aliyecheka wa kwanza. Akasema twende wote, si ndiyo Ujamaa wenyewe. Kisha akawahi kutoka kwa sababu alikuwa ameacha maharage jikoni.

Balaa lilitokana na chokaa. Mabalozi walipoandika kwa chokaa namba za nyumba juu ya milango, watu wakaacha majina. Tumekusanywa kutoka kila mahali, hatujazoeana, na mlango ni rahisi kuukumbuka kuliko ukoo. Utasikia Ishirini na Mbili wamepika pombe, Thelathini wana mgonjwa. Na Kumi na Tisa ni kwa Mama Beda, anakoishi Verdiana, mke wa Beda. Huu ni mwaka wake wa nne katika ndoa na bado hajapata mtoto.

Kwa hiyo habari ya Filomena ilimfikia Mama Beda kabla maharage hayajaiva. Akamkataza mkwe wake kisomo. Kisha akatangaza kisimani kwamba Jumamosi, Beda akirudi kutoka Mikumi kwenye kazi ya barabara, atamwambia amrudishe mwanamke huyu kwao Chanzuru. "Hata serikali imeshaandika mlangoni," alisema.

Mimi si mtu wa kukimbilia moto. Niliacha hasira ipoe, Alhamisi asubuhi nikaenda.

Nilimkuta Mama Beda barazani, anachambua kunde kwenye ungo. Ndani, nyuma ya mlango, niliona furushi la nguo limeshafungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kumhesabu nani?"

"Nimekuja kuomba kunde."

"Kwenu zimekwisha?"

"Za kuhesabia tu. Nitazirudisha."

Akanisogezea ungo kwa mguu. Nikatoa kunde kumi na tisa, nikazimwaga mkekani. "Zipange, mama. Mistari iwe sawa. Usizipange zote mstari mmoja, wala usiache kila moja ikae peke yake. Ukiweza, mimi naacha kufundisha."

Mama Beda hapendi kushindwa. Alizipanga mbili mbili, ikabaki moja. Tano tano, zikabaki nne. Sita sita, ikabaki moja tena, akaitazama kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa.

"Umeiba moja, wewe."

"Hesabu."

Akahesabu kwa lugha ya kwao, midomo ikicheza. Zilikuwa zote. Basi akaikamata ile iliyobaki, akamtupia kuku. "Haya. Sasa tuone."

Zilizobaki zikampa raha. Mbili mbili zikakaa. Tatu tatu zikakaa. Sita sita, tisa tisa, popote alipozipeleka zilikwenda. Akainua uso.

"Umeona? Ukimtoa mmoja asiyefaa, wenzake wanakaa sawa."

Huko ndani sufuria zilikuwa zinagongana. Zikanyamaza.

"Nimeona, mama. Sasa niulize hizi kumi na nane zimezaliwa na nani."

"Kunde huzaliwa na mkunde."

"Nasema namba." Nikazipanga mistari mitatu ya sita sita, kisha kila sita nikaigawa mbili kwa tatu. "Mbili mara tatu, mara tatu. Mbili ni tasa. Tatu ni tasa. Chukua namba yoyote inayogawanyika, ibomoe, ibomoe tena mpaka isibomoke. Mwisho utakuta tasa tupu. Hizo ndizo wazazi. Nyingine zote ni watoto wao."

"Tasa zinazaa?"

"Kwenye namba, hakuna nyingine zinazozaa."

Akafikiri. "Aliyezipa jina hilo alikuwa amelewa."

"Huenda. Mimi nilipewa chaki, sikupewa majina."

Akacheka kidogo kwa pua, akarudi kuchambua. Baada ya muda akauliza, kama mtu asiyetaka kujua, "Na ya Filomena ni ngapi?"

"Hamsini na moja."

"Nayo tasa?"

"Ukiitazama haraka utadhani hivyo. Ni witiri, haigawanyiki kwa mbili, wala haiishii na tano. Lakini jumlisha tarakimu zake. Tano na moja ni sita. Sita inagawanyika kwa tatu, basi na hamsini na moja inagawanyika kwa tatu."

"Nilijua," alisema. "Yule hata akisimama mbele yako, nusu yuko kwako, nusu yuko kwa jirani."

Nikaona mlango wa maneno umefunguka, nikaingia. "Mama, namba iliyoandikwa pale juu ni ya nyumba. Kumi na Tisa ni Beda, ni Verdiana, na ni wewe. Umezaa wangapi?"

"Saba, na wote wako hai."

"Mbona basi hukusema balozi kakuandika wewe?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Una mdomo, binti. Atakuoa nani?"

"Ajuaye kugawanya."

Safari hii hakucheka. Alipeperusha makapi, akasema polepole, "Kunde ni kunde, mwanangu. Mimi nataka mjukuu."

Hilo lilikuwa neno la kweli, na mtu akikupa neno la kweli usimrudishie mchezo. Nikamwambia, "Sikuja kukuambia atazaa lini. Sijui. Chokaa haijui, Filomena hajui, na mkwe wako hajui. Nimekuja kwa ajili ya neno langu. Nililisema kwa maana yake, likaja hapa na maana nyingine, na sasa linafunga furushi la mtu. Kama Verdiana ataondoka, mama, asiondoke kwa neno langu."

Verdiana alikuwa amesogea mpaka mlangoni. Alisimama kando ya lile furushi, ubao wake wa kuandikia kwapani, kama siku yoyote ya kisomo.

"Nakuomba kitu kimoja," nikamwambia Mama Beda. "Jumamosi Beda akishuka kwenye basi, usimtajie Chanzuru."

Kuku alikuwa amerudi, anadonoa pembeni mwa mkeka. Mama Beda akamfukuza kwa mkono. Akachukua kunde moja kutoka kwenye ungo, akaiweka pamoja na zile kumi na nane, akainama, akaanza upya kuzipanga, nne nne.