Saa ya Mama Longitudo

Kwa miaka ishirini na tisa alisimama mbele ya ubao akiwaeleza watoto wa watu kwamba dunia huzunguka digrii kumi na tano kila saa, na ndiyo maana wengine wanaamka wakati wengine wanatandika vitanda walale. Wanafunzi walimpa jina la Mama Longitudo. Alijitia hamnazo, ingawa siku aliyolikuta limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya madawati alisimama kuhakikisha tahajia ni sahihi, akaenda zake ameridhika. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka hata kanda moja ya saa. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kusahihisha mitihani, na huko nako saa zilikuwa zilezile za nyumbani.

Ndipo ikaja barua. Chama cha walimu wa jiografia cha nchi ya mbali kilisoma makala yake fupi kuhusu kufundisha saa za dunia kwa mpira na uzi, kikamwalika aende kuwaonyesha. Nauli juu yao, malazi juu yao. Mwalimu mkuu aliisoma barua hiyo mara mbili mbele ya walimu wote, naye Mama Longitudo akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao, alikiri baadaye, ulikuwa wa kuigiza.

Saa aliyokuwa nayo ilikuwa ya kike, ndogo kama punje ya hindi, na ilisimama kila alipofua nguo. Simu yake nayo ilikata roho kila ifikapo mchana. Akakata shauri kununua saa ya safari. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu, hakwenda dukani kabla ya kuchora jedwali: isiingie maji, ivumilie kuanguka, iwe na kengele, taa, tarehe, na saa za miji mingi kwa mpigo, betri idumu miaka, bei isimfanye aombe radhi nyumbani.

Mdogo wake, fundi cherehani, aliyemzungushia mpira wa maonyesho nyuzi ishirini na nne za rangi mbalimbali, alilisoma jedwali lile akiwa na pini mdomoni.

"Dada, unatafuta saa au unatafuta mume?"

"Mume ningemchagua haraka zaidi."

"Hilo tunalijua," akasema mdogo wake. "Ndiyo maana safari hii nakusindikiza."

Fundi saa alikuwa na kibanda chake kwenye ujia kati ya duka la dawa na duka la kutoa fotokopi: kabati la kioo, kiti kimoja, taa yenye shingo ndefu, na yeye mwenyewe na lenzi yake jichoni. Aliwapokea kwa heshima, akalipokea na jedwali, akalisoma kuanzia juu hadi chini bila kucheka, jambo ambalo kwa kweli lilihitaji ujasiri.

Akaanza kwa kumwekea saa nzito ya chuma, yenye visahani vitatu vidogo ndani ya kile kikubwa. Mama Longitudo ikamwingia moyoni papo hapo. Akaivaa, akanyoosha mkono, akajiona rubani.

"Hivi visahani vinaonyesha nini?"

"Havionyeshi kitu, Mwalimu. Vimechorwa tu." Fundi akaigeuza saa ili waone vizuri. "Wateja wengi hawaulizi. Lakini wewe umekuja na jedwali, nitakudanganyaje?"

Ya pili ilikuwa ya kioo cha kugusa, ikapima mapigo ya moyo wake na kumwambia apumzike. Hiyo ilitaka kuchajiwa kila siku mbili, akairudisha. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya plastiki ngumu, pana kama kifuniko cha chupa ya chai, yenye vitufe vinne ubavuni na namba kubwa ambazo hata bila miwani alizisoma. Fundi aliichovya kwenye ndoo ya maji, akaitoa, akaiachia ianguke sakafuni kutoka usawa wa kiuno. Ikalia mara moja, kama inayolalamika, ikaendelea na kazi.

"Hii ndiyo wanayonunua madereva wa malori na wapima ardhi," alisema. "Haina urembo. Ina miji arobaini na nane. Betri yake utaisahau."

"Ni ya kiume," mdogo wake akanong'ona. "Umevaa redio."

"Longitudo hazina kike wala kiume," akajibu Mama Longitudo, akalipa. Fundi akataka kumwonyesha namna ya kuipanga.

"Hapa pana kitufe cha saa za kiangazi. Miji mingine husogeza saa mbele wakati wa..."

"Fundi wangu," alimkatiza kwa upole, kwa sauti ileile aliyotumia kwa wanafunzi waliojibu kabla ya kuulizwa, "hayo ninayafundisha."

Fundi saa akaitia saa kwenye boksi lake.

Wiki mbili alizoishi nayo kabla ya safari zilitosha kuichosha nyumba. Alijua ni saa ngapi kwenye visiwa ambavyo hakuna aliyepata kuviulizia. Kengele ilipolia katikati ya mkutano wa wazazi, alibonyeza vitufe vyote vinne, ikaanza kuhesabu sekunde kama ya mbio, na mzazi mmoja aliyekuwa akizungumza akadhani anapimiwa muda, akafupisha. Walimu walimshukuru kwa hilo.

Siku ikafika, akapanda ndege, akafika salama kwenye uwanja wa kubadilishia ndege asubuhi. Ndege ya pili ilikuwa ya saa nne na dakika arobaini. Akabonyeza kitufe, jina la mji ule likatokea, na saa ikamwambia ni saa mbili na nusu. Simu alikuwa ameizima tangu nyumbani, akiogopa laini za ugenini. Hakuihitaji.

Akaingia kwenye mkahawa, akaagiza chai na mkate wenye mayai. Juu ya kaunta palikuwa na saa ya ukutani, nayo ilisema saa tatu na nusu. Mama Longitudo aliitazama kwa huruma. Kumbe hata huku, alijiambia, saa za ukutani hukimbia. Mzee aliyekuwa akifuta meza alipomkaribia, akamwita.

"Samahani, kaka yangu. Saa yenu pale juu imetangulia saa nzima. Msije mkawapotosha abiria."

Mzee akaitazama saa ya ukutani, akamtazama yeye, akautazama na mkono wake wenye lile dude jeusi.

"Asante, mama," alisema, akaendelea kufuta.

Akaongeza kikombe cha pili, akapitia maelezo ya hotuba yake, akaupapasa mpira ndani ya mkoba. Saa yake ilipoonyesha saa nne kasorobo alikuwa amekwisha fika mlango wa kupandia, amejipanga, pasipoti mkononi. Hapakuwa na mtu. Hilo halikumshtua, lilimpa fahari. Alikaa kiti cha mbele kabisa, akajisifu kimoyomoyo kwamba katika abiria mia mbili ni yeye pekee aliyejua kutunza wakati. Zilipita kama dakika kumi hivi ndipo binti mwenye sare ya shirika akatoka na kuanza kuzima taa za dawati.

"Mwanangu, ndege imechelewa?"

"Ipi, mama?"

Akampa tiketi. Binti akaisoma, na uso wake ukabadilika taratibu, kama wa mtu anayetafuta namna nzuri ya kusema.

"Hii imeshaondoka. Tulikuita kwenye kipaza sauti mara tatu."

Jina alilisikia akiwa anakunywa chai, sasa akakumbuka. Lilitamkwa vibaya, akasema moyoni, masikini, kuna mtu anachelewa.

Alibaki amesimama. Hakuhitaji kuelezwa kitu, kwani lilimjia lote kwa mkupuo, kile kitufe alichokataa kuonyeshwa pamoja na ukurasa wake kwenye kitabu cha kidato cha tatu: saa za kiangazi, mfano wa kwanza, mfano wa pili, zoezi. Lilikuwa swali ambalo alipenda kulitega kwenye mtihani, na waliolikosa aliwaandikia kwa wino mwekundu, "Soma swali." Akakaa tena kwenye kile kiti cha mbele, na badala ya kulia akaanza kucheka peke yake mpaka binti akamletea maji.

Walimpangia ndege ya jioni. Hotuba yake ilikuwa ya alasiri ileile. Akaiwasha simu, akampigia katibu wa mkutano.

"Pole sana, Mwalimu," katibu alisema. "Ndege imepata hitilafu?"

Lo, mlango wa kisingizio ulivyofunguliwa. Angesema ndiyo, mambo yangeisha hapo.

"Hapana. Hitilafu ni yangu. Nimekosea saa."

Zikasikika karatasi zikifunuliwa upande wa pili.

"Hotuba yako si inahusu..."

"Ndiyo," alisema. "Inahusu hiyo hiyo."

Wakamsogeza siku ya pili, asubuhi. Alipopanda jukwaani, ukumbi ulikuwa umejaa kuliko alivyotegemea, na kwa jinsi watu wa mbele walivyoinamisha nyuso alijua habari imemtangulia. Akaziacha karatasi zake mezani. Akautoa mpira, akachomeka pini mbili, moja nyumbani, nyingine kwenye uwanja ule, akawasimulia yote: jedwali, fundi saa, mzee wa mkahawa, kiti cha mbele. Kila alipofika kwenye kosa jipya aliuzungusha mpira kidogo. Walicheka mpaka mkalimani akashindwa kazi.

Ulipofika muda wa maswali, mwanamke mmoja mwenye mvi akasimama. Alifundisha chuo kikuu, alisema, na alitoka ng'ambo ya mstari wa kimataifa wa tarehe.

"Mimi nilifika siku nzima kabla. Nililala hotelini nikiamini mmeahirisha mkutano bila kuniambia. Sikumwambia mtu."

Bwana wa safu ya nyuma akanyoosha mkono, kisha mwingine. Mwenyekiti alitaka kurudi kwenye ratiba, lakini ratiba ilikuwa imekwisha. Kila mwalimu wa jiografia alikuwa na lake, na wote walilificha miaka.

Muhula uliofuata, kidato cha tatu walipewa swali jipya: msafiri fulani amekaa kwenye mkahawa wa uwanja wa ndege, saa yake inasema hivi, eleza kosa lake na namna ambavyo angeliepuka. Wengi walikokotoa vizuri. Msichana mmoja hakukokotoa chochote. Aliandika kwamba msafiri huyo alipaswa kumuuliza mtu, kwa adabu, na kusikiliza jibu.

Mwongozo wa kusahihisha ulidai hesabu. Mama Longitudo aliuangalia mwongozo, aliouandika mwenyewe, akaukunja, akampa alama zote.