Dawa Iliyoshuka kwa Kanga

Mafuriko ya mto Mkondoa yalipokata njia huko Kidete, Ziada alizingirwa na maji chini ya daraja la reli, amembeba mwanawe mwenye homa kali. Dada yake, Magreth, alifika juu ya daraja na chupa mbili za dawa. Aliachia ya kwanza, ikapasukia kwenye mawe. Akavua kanga, akafunga vipande vifupi vya kamba kwenye pembe zote nne, kisha akaning'iniza chupa iliyobaki.

“Dada, na hiyo itapasuka!” Ziada alilia.

“Kanga itashika hewa, itashuka taratibu. Wewe idake tu!”

Kanga ilitanuka, ikayumba, ikashuka polepole. Ziada akaingia majini hadi magotini, akaidaka. Mtoto akanyweshwa palepale. Jioni maji yalipungua, wakavuka salama.