Waranti ya Miaka Mitano

Mume wangu alikuwa fundi televisheni kwa miaka thelathini na nane, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kuwa na televisheni nzima nyumbani. Mganga hajigangi, lakini huyu wangu alizidi. Ile iliyokuwa sebuleni aliiunga mwenyewe kwa mabaki: kioo cha hii, spika za ile, mgongo umefungwa kwa waya. Ilikuwa na ugonjwa wa rangi. Kila aliyetokea humo alikuwa wa kijani, kuanzia msoma habari mpaka maharusi. Nikilalamika, ananijibu, "Nitaishughulikia Ijumaa."

Hilo ndilo jibu alilowapa wateja wake wote, na mtaa mzima ulimwita Njoo Ijumaa. Kuna watu walioacha redio kwake, wakaoa, wakazaa, watoto wakaanza shule, redio bado inangoja Ijumaa. Hakuwa mwizi, nawaambieni hilo kabla hamjaanza kumsema. Kazi yake ilikuwa safi akiifanya. Ila aliamini kwamba muda upo, na ukiisha utaletwa mwingine.

Kwa hiyo daktari wa macho alipomweleza kwamba presha ya macho imekula sehemu zote za pembeni, kwamba matone yatachelewesha lakini hayatazuia, yeye alikuwa akiitazama mashine ya daktari. Nadhani alikuwa anatafuta skrubu zake ziko wapi. Niliyeuliza ni mimi.

"Amebakiwa na muda gani, daktari?"

"Mwaka. Mkiwa na bahati, mwaka na miezi miwili mitatu."

Tulipofika mlangoni, nikiwa nahangaika na ufunguo, akanishika bega.

"Mke wangu, nataka TV mpya. Ya kutoka kwenye boksi. Kabla sijafunga duka, nataka nimwone mtu mwenye rangi ya mtu."

Kibanda chake cha kazi tulikiuza, maana alikuwa haoni tena pa kugusa na chuma cha kulehemu. Alibakiza bisibisi tatu na kopo moja la maziwa ya unga alilolisukuma chini ya kitanda. Kesho yake tukaenda madukani.

Kumpeleka fundi kununua televisheni ni adhabu. Watu wengine wanatazama mbele kwenye picha. Huyu anazunguka nyuma, anainama, anagonga mgongo kwa kidole, ananusa matundu ya hewa. "Mzee, picha iko huku mbele," wauzaji wakamwambia, na yeye akawajibu kwamba picha ni maneno matupu, ukweli uko mgongoni.

Katika duka la kwanza alisahau kugonga. Walikuwa na moja kubwa, imetundikwa ukutani, inaonyesha majani yenye umande. Mimi si mtu wa kushangaa vitu, lakini ule umande niliutaka. Alisimama pale mpaka wakamletea kigoda. Alipouliza waranti, wakasema mwaka mmoja.

Duka la pili walikuwa na ndogo kidogo, bei ile ile, picha imepoa kama chai ya jana. Lakini dada wa pale alikuwa na maneno.

"Hii ina waranti ya miaka mitano, mama. Vipuri na ufundi. Ikiharibika tunakuja kuichukua kwenu, tunairudisha kwenu."

"Na inakaa kwenu muda gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea tatizo, mama."

Niliolewa na fundi nikiwa na miaka ishirini na moja. "Inategemea" naijua. Ni Ijumaa ile ile iliyovaa tai.

Nikamvuta mume wangu pembeni, penye majokofu. Nikamwambia ile ya kwanza ina picha nzuri zaidi, na yeye mwenyewe ameiona. "Hayo mambo ya waranti tusiyafuate. Ya mwaka mmoja inatutosha."

"Inatutosha vipi?"

Maji yalikuwa yameshamwagika. Nilikuwa nimepiga hesabu kimoyomoyo, macho ya mwaka mmoja na waranti ya mwaka mmoja, na yeye aliisikia hesabu nzima ingawa niliishia katikati. Akaniachia mkono. Akapapasa njia peke yake kati ya majokofu mpaka kwa yule dada.

"Niandikie hiyo ya miaka mitano," akasema.

Mpaka leo natamani ningeuma ulimi. Najua, kama ningefunga mdomo angenunua ile ya umande.

Yule dada alimwonyesha stika ya nyuma, ndogo kama kiberiti. "Hii isiguswe, mzee. Ikichanika tu, waranti imekufa." Mume wangu akaipapasa kwa dole gumba. Tulipotoka nje alikuwa anacheka. "Stika hizi nimezichana maelfu kwa maelfu. Hii sitaigusa."

Nisiwe mchoyo wa shukrani, tulifurahi. Alitazama kila kitu: mapishi, mpira, wanasiasa wakidanganya kwa rangi zao kamili. "Kumbe huyu msoma habari ana kidoti shavuni! Miaka yote hii amenificha!" Ananiita nitoke jikoni nije kuona nyanya. Nyanya ninazo mkononi naziosha, lakini nakwenda.

Macho yale yalikuwa yanafunga kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayetazama kwenye tundu la ufunguo. Akikaa karibu anaona pua ya mtu tu. Kwa hiyo alikuwa anarudisha kiti nyuma ili picha nzima iingie kwenye tundu lake. Mimi nikifagia naweka alama ya chaki sakafuni pale miguu ya kiti inapoishia. Sikumwambia. Baada ya miezi mitano kulikuwa na alama nne, na kutoka ya nne mpaka ukutani palibaki hatua mbili na nusu.

Mchana mmoja katika mwezi huo wa tano picha ikazima. Sauti ikabaki, watu wanaongea gizani.

"Lete tochi," akasema.

Akanielekeza niimulike kioo kwa upande. Nikasogeza uso karibu, na humo ndani, hafifu sana, nikaona watu wanatembea.

"Umewaona?"

"Wapo."

"Basi picha imo. Ni taa za nyuma ya kioo. Zimeshikana mkono kama watoto wa shule, akianguka mmoja wanaanguka wote. Kazi ya nusu siku." Akaenda chumbani, akarudi na lile kopo. Akalitikisa, likalia. Ndani mlikuwa na taa ndogo kama punje za mchele, alizozichomoa kwenye televisheni zilizokufa miaka yote hiyo. Uso wake ulikuwa umechangamka kama enzi za kibanda.

"Mimi nitakuwa macho yako," nikamwambia. "Wewe niambie pa kushika. Fungua."

Akazunguka nyuma na bisibisi. Nikasikia amesimama. Alikuwa ameweka dole gumba juu ya ile stika.

"Nikichana, miaka mitano imekwenda."

"Chana."

"Tumeilipia, mke wangu."

"Miaka mitano ya nini?" nikapiga kelele. "Ya nini, baba watoto? Chelewa chelewa utakuta mwana si wako! Chana!"

Hesabu ile nilikuwa nimeisema kwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na majokofu ya kujifichia. Alirudisha bisibisi mfukoni. Akalifunga kopo taratibu, akahakikisha kifuniko kimekaa.

"Wapigie simu waje waichukue," akasema.

Walikuja baada ya siku tisa, wanaume wawili wenye blanketi. Waliibeba kwa heshima zote, wakaniachia karatasi.

Wiki ya kwanza nilipokwenda kuulizia, walisema inakaguliwa. Wiki ya tatu kipuri kimeagizwa. Wiki ya sita kipuri kimefika lakini si chenyewe. Bwana wa kaunta alikuwa mtu mpole, miwani imening'inia kifuani, na kila nikifika ananipa kiti. Siku moja akaisoma kompyuta yake kwa muda mrefu, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mama, njoo Ijumaa."

Nilicheka mbele za watu mpaka akaniagizia maji ya kunywa.

Nilirudi nyumbani nikidhani nimempelekea mume wangu kichekesho cha mwaka. Alikuwa amekaa na redio mapajani. Hakucheka.

"Alikuwa na sura gani aliposema?"

"Sura ya kawaida. Kama yako."

Akazima redio. "Nilidhani wateja wakishatoka pale kwangu wanaendelea na mambo yao," akasema. "Sikujua kwamba mtu anakaa anahesabu."

Ijumaa nilikwenda. Haikuwa tayari. Nikamweleza yule bwana habari za macho, nikamweleza mpaka alama za chaki. Aliniambia, "Subira yavuta heri, mama." Nikamuuliza heri hiyo ikifika itamkuta nani. Akainamisha kichwa. Kisha akatoa fomu, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kunirudishia televisheni leo leo kama ilivyo, mbovu, tukaitengeneze popote, ila mwenye risiti asaini kwamba ameiacha waranti yake.

Fomu ile niliiweka mezani kwetu, nikaweka na kalamu. Nikamsomea. Akaniomba nirudie pale penye neno "ameiacha". Nikarudia.

"Siachi kitu," akasema.

Saini yake naijua. Ni herufi mbili na mkia, ningeweza kuiandika hata nikiwa nimelala. Nilikaa na ile kalamu mpaka chai ikapoa. Lakini kumwandikia mtu kwa mkono wangu kwamba muda wake hauna kazi, nilishindwa. Mengine yote nawalaumu wao na yeye. Hili ni langu.

Meza ya televisheni ikabaki tupu, na bado alikuwa anarudisha kiti. Alikuwa anaipima meza, kama itaingia yote kwenye tundu lake. Mwezi wa tatu wa kungoja, kiti kiligusa ukuta. Mwezi wa tano, asubuhi moja, aliniuliza kwa nini sijafungua pazia. Nilikuwa nimefungua tangu saa kumi na mbili. Nikalifunga, nikalifungua tena ili asikie pete zake zikikwaruza fimbo. Akanishukuru.

Daktari alisema mwaka. Ulikuwa bado haujatimia.

Televisheni ililetwa wiki tatu baadaye, katika mwezi wa kumi na moja tangu tuinunue. Wanaume wale wale, blanketi lile lile. "Shikamoo, mzee. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Wakaiweka mezani, wakapangusa alama za vidole vyao kwenye kioo, wakaiwasha. Picha nzuri kabisa, sitawasingizia. Mwanamke mwenye gauni la njano alikuwa anaeleza jambo.

"Mzee, tazama kama picha iko sawa, halafu utusainie hapa."

Mume wangu akageuza uso upande wa sauti ya televisheni. Akautuliza pale kama mtu anayekagua, kwa muda ule ule ambao fundi makini angeuchukua.

"Iko sawa," akasema.

Nikamwekea kidole penye mstari. Akasaini herufi zake mbili na mkia, zikapanda juu ya maandishi mengine. Wale watu wakashukuru, wakakunja blanketi, wakaondoka. Walikuwa wametimiza kila walichoahidi.

"Nisomee karatasi yao," akasema.

"Tatizo, hakuna picha. Kilichobadilishwa, taa ya nyuma."

"Ngapi?"

Nilitamani karatasi iseme kumi.

"Moja."

Akainuka, akafuata ukuta mpaka mezani, akapeleka mkono nyuma ya televisheni. Nilimwona dole gumba likitafuta. "Wamebandika stika mpya," akasema. Nikamwambia aichane, aitoe mbele yangu, nisiione tena. Nilikuwa nalia na sikuficha sauti.

"Iache. Imebakiza muda gani?"

"Miaka minne na mwezi mmoja."

"Si haba," akasema.

Nilikwenda ukutani nikachukua kiti chake, nikakileta mbele mpaka kwenye alama ya kwanza ya chaki, maana huko nyuma hakikuwa na kazi tena. Nikamkalisha, nikakaa sakafuni karibu na magoti yake. Yule mwanamke alikuwa bado anaongea.

"Amevaa nini?"

"Gauni la njano."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe nini?"

"Ana rangi gani?"

Nikamtazama yule mwanamke vizuri, mashavu, mikono, shingo, kwa sababu nilitaka kusema kweli.

"Rangi ya mtu," nikamwambia.