Mama Kwenye Kanda za Mashindano

Msusi alifunga saluni mapema siku hiyo, mteja wake wa mwisho akaenda zake na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimefungwa kitambaa. Mdogo wake alikuwa amempigia simu kwamba kanda zao za zamani ameshazihamishia kwenye kompyuta, ziko tayari. Tangu mama yao azikwe, picha zake walikuwa nazo tele, lakini sauti yake msusi alikuwa ameanza kuisahau. Hilo lilimtisha kuliko msiba wenyewe.

Sauti ile ilikuwa kwenye kanda za mashindano ya nyimbo ya mataifa. Kila mwaka, nchi zilipopeleka waimbaji wao kushindana, mdogo wake, ambaye mpaka leo anaitwa Kimya, aliweka redio kaseti juu ya kigoda mbele ya televisheni, akabonyeza vitufe vya kurekodi, kisha akawatolea macho watu wazima ili wanyamaze. Baba alitii. Shangazi naye alitii, akabana hata kikohozi. Mama ndiyo kwanza alianza. Gauni la huyu limeshonwa na adui yake. Huyu naye anaimba kama anaita mbuzi. Majaji walitoa pointi zao huko ukumbini, mama akatoa zake huku anakunja nguo: apewe, au akalale. Aliyeambiwa akalale, hata akitwaa ubingwa, katika nyumba ile hakutambuliwa.

Miaka ile ilikuwa mitamu, asikwambie mtu. Kuna mwaka mapacha walisahau ubeti wa pili wakaangua kicheko jukwaani, na mwaka mwingine umeme ukakatika mshindi akiwa ndiyo anatajwa, mtaa mzima ukalala na kiu. Msusi aliikumbuka yote njia nzima, akicheka peke yake, watu wakimpisha.

Kimya sasa ni fundi mitambo wa studio. Alimkalisha dada yake kwenye kiti chake mwenyewe, akawasha spika kubwa. Mapacha wakaimba, safi kabisa. Msusi akangoja mama aseme la kusema kuhusu viatu vyao. Wimbo ukaisha. Ukaja mwaka mwingine, nao ukapita hivyo hivyo.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

Kimya hakumwelewa. Akaeleza kwa fahari jinsi alivyokesha akiondoa kelele zote, moja baada ya nyingine, ili dada apate nyimbo tupu. Alipofika katikati ya maelezo, uso ukamshuka. Kanda zenyewe, akasema kwa sauti ya chini, zilikuwa zimeota ukungu. Alizitupa.

Msusi alitamani kumzaba kibao. Alitamani pia kumkumbatia, maana zawadi ilikuwa ya moyo mmoja, na huyu ndiye mtoto aliyedai kimya maisha yake yote hadi akakipata. Hakufanya lolote. Alikaa tu, machozi yakimtoka, na Kimya naye akainamia mitambo yake.

"Kuna moja ilinishinda," Kimya akasema hatimaye. "Ule mwaka wa mzee wa kinanda. Mama ameimba naye mwanzo mpaka mwisho. Nikimtoa mama, na wimbo unatoka. Nikaiacha."

"Iweke."

Akaitoa kwenye droo, akaitumbukiza kwenye redio kuukuu. Mzee alianza taratibu, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale nyumbani, na mama akamdaka hapo hapo, akijitungia maneno yake bila wasiwasi, akimtangulia mzee wa watu kila ilipofika kiitikio. Msusi alicheka na kulia kwa pamoja. Ilikuwa ile ile sauti, na mikwaruzo yake.

Makofi yalipoisha, mama akasikika karibu kabisa na redio.

"We, umenirekodi? Futa hiyo, mwanangu. Watu watanicheka."

Mkono wa Kimya ulinyooka wenyewe kuelekea kwenye vitufe. Dada yake akaudaka, akaushika kwa nguvu.

"Rudisha nyuma," akamwambia.