Bakuli Lisilo na Gumba Langu

Mimi sivumilii kuona bakuli likiyumba kwenye gurudumu la kufinyangia. Wanafunzi wangu wote ni wageni wa udongo, na chombo kikianza tu kupepesuka, mkono wangu huwa umeshafika. "Lete hapa, nikunyooshee kidogo." Nilidhani huko ndiko kufundisha.

Siku tuliyotoa kazi za kwanza tanurini, nilizipanga mezani nikamwambia kila mtu achukue yake. Mwanafunzi mmoja, dereva wa teksi, aligeuzageuza bakuli moja, akalirudisha. Mwingine, nesi, akadhani lake ni hili, mara lile.

"Jamani, mtu hamjui mwanawe?" nikafoka.

Mshonaji mmoja mtu mzima, tunayemwita Mama Cherehani, akatia kidole ndani ya bakuli moja, kisha la pili, kisha la tatu.

"Yote yana alama ya gumba palepale chini," akasema. "Watoto wote hawa wamefanana na wewe, mwalimu."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Darasa lililofuata niliikalia mikono yangu. Bakuli la Mama Cherehani likayumba, likaegemea upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Nikauma ulimi, nikalitazama hivyohivyo mpaka alipomaliza.

Lilipotoka tanurini, hakungoja nilifikishe mezani. Alilinyakua mikononi mwangu na upogo wake wote, akalikumbatia kifuani.

"Huyu, mwalimu," akasema, "nimemzaa mimi."